Muulize na Shangazi: Historia ya Ukoo na Saratani ya Matiti

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kuyasoma makala haya, hebu weka gazeti chini kwa dakika moja ujiulize: Bibi yako mzaa baba alifariki kwa ugonjwa gani? Na bibi yako mzaa mama je? Shangazi zako, mama zako wakubwa na wadogo, wale waliokwisha tutangulia mbele ya haki, waliugua nini, nao walikuwa na umri gani?

Ikiwa huna jibu, usione haya. Wengi wetu hatuna. Katika jamaa zetu habari za kifo husemwa kwa kifupi. "Aliugua tumbo." "Aliugua muda mrefu." "Alirogwa." Na kama ugonjwa wenyewe ulikuwa wa titi, mahali ambapo mwanamke hufundishwa tangu utotoni kupasitiri, basi hata hayo machache hayasemwi. Marehemu huzikwa, na habari za ugonjwa wake huzikwa pamoja naye.

Mimi ninayeandika makala haya nilikuwa miongoni mwa wasiojua. Miaka minne iliyopita, nikiwa likizo kijijini, nilimkuta shangazi yangu barazani akipepeta mchele. Baada ya kumwamkia na kusaidiana naye kazi, nilimwuliza habari za mama yake, ambaye ndiye bibi yangu mzaa baba, aliyefariki kabla sijazaliwa. Shangazi aliendelea na ungo wake kwa kitambo. Kisha akasema kwamba bibi alikuwa na uvimbe katika titi la kushoto. Uvimbe ukawa donda. Bibi akalifunga donda hilo kwa kipande cha khanga na kulificha, hata babu asijue, mpaka ilipofika siku ambayo harufu haikuweza kufichika tena. Miaka mingi baadaye binti yake wa kwanza, yaani dada mkubwa wa shangazi, alifariki kwa ugonjwa wa namna hiyo hiyo akiwa na umri wa miaka 41.

"Sisi tulijua ni mkosi wa nyumba, mwanangu," shangazi aliniambia. "Na mkosi hausemwi. Ukiusema unauita."

Halafu, bila kuinua macho, akaongeza: "Na mimi nina kitu kama punje ya hindi hapa. Tangu kabla ya masika."

Makala haya yametokana na maneno hayo.

UGONJWA WENYEWE

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo huzaliana kwa utaratibu, na zilizochakaa hufa na kuacha nafasi kwa nyingine. Saratani, ambayo wengi huiita kansa, ni hali ya chembe fulani kuasi utaratibu huo. Huzaliana ovyo, hujikusanya zikawa uvimbe, na zisipozuiwa husafiri hadi kwenye matezi ya kwapani, na kutoka hapo hadi kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Saratani ya matiti huua hasa kwa sababu ya safari hiyo. Ikikamatwa kabla haijafunga safari, mara nyingi hutibika.

Huu si ugonjwa wa wachache. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti ulimwenguni, na watu wapatao 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Hapa Tanzania ni saratani ya pili kwa wanawake, ikitanguliwa na ile ya shingo ya kizazi. Wanaume nao hupatwa, ingawa kwa nadra sana. Ni kama mgonjwa mmoja au chini ya hapo katika kila wagonjwa 100.

Jambo la kusikitisha zaidi ni jinsi tunavyochelewa. Takriban wagonjwa wanane katika kila kumi hapa nchini hufika hospitali ugonjwa ukiwa umefikia hatua ya tatu au ya nne, wakati ambapo tiba ni ngumu, ni ya gharama, na matumaini ni madogo. Katika nchi tajiri, wanawake zaidi ya 90 katika kila 100 waliogunduliwa kuwa na saratani hii huwa hai baada ya miaka mitano. Tofauti hiyo si ya dawa na mashine peke yake. Sehemu yake kubwa ni kuwahi.

DAMU NA UKOO

Je, ni kweli kwamba saratani ya matiti hutembea katika ukoo? Naam, ni kweli, lakini si kwa namna ambayo wengi hudhani.

Jambo hili lilianza kuangaliwa zamani. Mnamo mwaka 1866 daktari mpasuaji wa Ufaransa, Paul Broca, aliandika habari za ukoo wa mkewe mwenyewe. Alifuatilia vizazi vinne, akaona jinsi wanawake wa ukoo ule walivyokufa mmoja baada ya mwingine kwa saratani, na wengi wao kwa saratani ya matiti. Broca hakuwa na mashine wala maabara ya kuchunguza damu. Alichokuwa nacho ni orodha ya majina, umri na sababu za vifo. Orodha hiyo ndiyo iliyomfungua macho.

Zaidi ya miaka mia moja ilipita kabla sababu yenyewe haijajulikana. Mwaka 1990 mtaalamu wa Marekani, Mary-Claire King, alitangaza kwamba yeye na wenzake, baada ya kuchunguza familia 23 zilizokuwa na wagonjwa wengi, wamegundua mahali ilipo jeni inayohusika. Jeni, ndugu msomaji, ni maagizo ya urithi yaliyomo katika kila chembe ya mwili, ambayo ndiyo yanayomfanya mtoto afanane na wazazi wake. Jeni hiyo ilipewa jina la BRCA1, na muda mfupi baadaye ikagunduliwa nyingine, BRCA2. Kila mtu anazo jeni hizi, mwanamke na mwanamume. Kazi yake ni kusaidia kukarabati chembe zilizoharibika. Hatari hutokea pale mtu anaporithi jeni iliyo na kasoro. Hapo fundi wa kukarabati huwa hayupo, na uharibifu hujilimbikiza.

Mwanamke aliyerithi kasoro hiyo hukabiliwa na hatari kubwa. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye kasoro hiyo, takriban 70 watapatwa na saratani ya matiti kabla ya kufikisha miaka 80. Hatari ya saratani ya mifuko ya mayai nayo huongezeka. Hata hivyo wanaorithi kasoro za namna hii ni wachache. Kwa jumla hukadiriwa kwamba wagonjwa kati ya watano na kumi katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya matiti ndio waliopata ugonjwa kwa urithi wa moja kwa moja.

Wapo wanaosema kwamba mambo haya ni ya Wazungu. La hasha. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wanawake zaidi ya 1,100 wa Nigeria waliokuwa na saratani ya matiti, na miongoni mwa viongozi wake alikuwa daktari mzaliwa wa nchi hiyo, Olufunmilayo Olopade. Ilionekana kwamba takriban mgonjwa mmoja katika kila wanane alikuwa amerithi jeni yenye kasoro. Kwa hiyo Mwafrika naye hana budi kuuliza habari za ukoo wake.

UPANDE WA BABA NAO NI UKOO

Hapa ndipo penye kosa ambalo wengi hulifanya, hata baadhi ya watu waliosoma. Mwanamke akiulizwa kama katika ukoo wake kuna aliyeugua saratani ya matiti, hufikiri habari za mama yake na dada za mama yake tu. Upande wa baba hauhesabu, kwa kuwa baba hana matiti ya kunyonyesha.

Mtoto hupokea nusu ya jeni zake kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Mwanamume aliyerithi jeni yenye kasoro aweza kuishi mpaka uzeeni bila kuugua, huku akimrithisha binti yake. Kila mtoto wake, awe wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipokea, sawasawa na kurusha sarafu juu. Ndiyo maana ugonjwa huonekana kana kwamba umeruka kizazi: bibi aliugua, baba yu mzima, na mjukuu anaugua.

Mimi mwenyewe niliishi miaka mingi nikijihesabu kuwa mtu asiye na historia yoyote ya ugonjwa huu, kwa sababu upande wa mama yangu wote ni wazima. Kumbe historia yangu ilikuwa imekaa barazani kwa shangazi, ikingoja kuulizwa.

ANDIKA ORODHA YA UKOO WAKO

Basi fanya kama alivyofanya Broca. Chukua karatasi na kalamu. Andika upande mmoja ndugu wa mama, na upande wa pili ndugu wa baba. Anza na walio karibu zaidi nawe kwa damu: mama, dada na mabinti. Kisha bibi, shangazi, mama wakubwa na wadogo, halafu watoto wao. Usiwasahau wanaume, kwa kuwa nao wapo waliougua matiti, na jeni hizi zaweza pia kuongeza hatari ya saratani ya tezi dume.

Mbele ya kila jina andika mambo matatu: aliugua nini, ugonjwa ulimwanza akiwa na umri gani, na kama ulikuwa wa titi, je, ulikuwa wa upande mmoja au pande zote mbili. Umri ni jambo kubwa. Bibi aliyeugua akiwa na miaka 78 hatutishi kama shangazi aliyeugua akiwa na miaka 38.

Ukiuliza, usitarajie neno "saratani" kutoka kwa wazee. Wao watakuambia habari za jipu lisiloiva, donda lisilopona, titi lililokuwa gumu kama jiwe, mkono uliovimba, au mgongo uliouma mpaka mtu akalala kitandani. Sikiliza kwa adabu na usimkatize mzee. Chagua saa ya utulivu, wala usiulize msibani. Na ukiambiwa kwamba mtu alirogwa, usibishane, uliza tu, "Je, palimuuma wapi kwanza?"

Ni nani basi anayepaswa kujihadhari zaidi? Ni yule ambaye mama, dada au binti yake ameugua. Hatari yake ni takriban mara mbili ya ile ya mwenzake. Ni yule ambaye ndugu wawili au zaidi wa upande mmoja wameugua. Ni yule ambaye ndugu yake aliugua kabla ya miaka 50, au aliugua matiti yote mawili, au ana ndugu aliyeugua saratani ya mifuko ya mayai, au ndugu wa kiume aliyeugua titi. Mtu wa namna hiyo aende kwa daktari na orodha yake mkononi. Madaktari wengi hushauri uchunguzi uanze takriban miaka kumi kabla ya umri ambao ndugu aliyeugua mapema zaidi alianza kuugua. Shangazi yangu mkubwa alikufa akiwa na miaka 41. Kwa hesabu hiyo, nilipaswa kuanza nikiwa na miaka 31 au hata kabla ya hapo. Nilianza nikiwa na miaka 32, nami namshukuru Mungu kwamba sikuchelewa kuliko hapo.

WEWE USIYE NA HISTORIA, USIJIDANGANYE

Pengine msomaji mwingine amekwisha uliza, na ukoo wake wote umeonekana kuwa safi. Tunampongeza, lakini tunamwonya asilale usingizi. Wanawake wanane katika kila tisa wanaopatwa na saratani ya matiti hawana mama, dada wala binti aliyewahi kuiugua. Kuwa mwanamke na kuongezeka umri ndiyo mambo mawili makubwa kuliko yote. Pombe huongeza hatari, na vivyo hivyo unene wa kupita kiasi, hasa baada ya hedhi kukoma. Kunyonyesha hupunguza hatari: uchunguzi uliojumuisha nchi 30 na kutangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha huipunguza hatari hiyo kwa zaidi kidogo ya asilimia nne. Lakini hata mama aliyenyonyesha watoto sita aweza kuugua.

Wala yule mwenye historia asidhani kwamba amekwisha hukumiwa. Wanawake wengi wenye mama au dada aliyeugua hawaugui kamwe. Historia ya ukoo ni kama mawingu meusi; humwambia mkulima mwangalifu aanue mpunga wake mapema.

YAJUE MATITI YAKO

Zamani akina mama walifundishwa kujipima matiti kwa taratibu maalumu kila mwezi. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Shanghai, China, kwa wanawake zaidi ya 260,000, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba mafunzo hayo peke yake hayakupunguza vifo. Kwa hiyo wataalamu siku hizi husisitiza zaidi kwamba kila mwanamke ayafahamu matiti yake yalivyo siku zote, anapooga na anapovaa, ili mabadiliko yakitokea ayatambue na aende kupimwa mara moja.

Mabadiliko yenyewe ni haya: uvimbe mpya katika titi au kwapani, titi moja kubadilika umbo au ukubwa, ngozi kubonyea, kuwa nyekundu, au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani ilhali haikuwa hivyo, chuchu kutoa damu au majimaji wakati mama hanyonyeshi, na kidonda au magamba kwenye chuchu yasiyopona. Kumbuka neno hili: uvimbe wa saratani aghalabu hauumi mwanzoni. "Haliniumi" si sababu ya kukaa nyumbani. Kumbuka na hili pia: uvimbe mwingi unaogunduliwa katika matiti si saratani. Lakini anayeweza kukuhakikishia hivyo ni mpimaji, si jirani.

Upimaji wa kwanza hauhitaji mashine kubwa. Mjini Mumbai, India, wanawake zaidi ya 150,000 walifuatiliwa kwa miaka 20. Nusu yao walipimwa matiti kwa mikono kila baada ya miaka miwili na wahudumu wa afya wanawake waliofundishwa kazi hiyo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba ugonjwa uligunduliwa mapema zaidi miongoni mwao, na kwa wenye umri wa miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Mikono iliyofundishwa ni hazina.

HOSPITALI WATAFANYA NINI?

Wengi huogopa kwa sababu hawajui yatakayowakuta. Kwanza mganga au muuguzi atakuuliza maswali na kukupima kwa mikono. Akiona haja, utapelekwa kwenye hospitali kubwa zaidi. Huko kuna altrasaundi, inayofaa hasa kwa wanawake wenye umri mdogo, na mamografia, ambayo ni picha ya eksirei ya matiti. Hatimaye huchukuliwa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kwa sindano na kupelekwa maabara. Kipimo hiki cha mwisho ndicho kinachotoa hukumu. Bila hicho mtu asikubali kuambiwa ana saratani au hana.

Saratani ikithibitishwa, yapo matibabu ya upasuaji, dawa za sindano, mionzi na vidonge. Si kila mgonjwa huondolewa titi lote. Ugonjwa ukiwahiwa, mara nyingine huondolewa uvimbe peke yake. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, hutibu wagonjwa kutoka pande zote za nchi, na tiba ya saratani hupatikana pia Muhimbili, Bugando na KCMC. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba tangu mgonjwa anapofika mara ya kwanza mpaka kukamilika kwa vipimo zisipite siku 60. Nawe basi usiongeze siku zako mwenyewe kwa kuanzia kwa mganga wa kienyeji, kisha kwenye maombi, kisha kwa jamaa mwenye mizizi. Omba dua zako, lakini ziombe ukiwa njiani kwenda hospitali.

Kwa akina baba nina neno moja. Wapo wanawake wanaoficha uvimbe kwa kuogopa kuachwa, na wengine wanaokimbia hospitali baada ya kupimwa kwa kuogopa kurudi nyumbani na titi moja. Mkeo akikuambia kuna kitu amekiona, usimwambie angoje mavuno. Uza kuku, tafuta nauli, fuatana naye.

SHANGAZI YUKO WAPI?

Bila shaka msomaji angependa kujua habari za punje ile ya hindi. Jumatatu iliyofuata tulipanda basi, shangazi na mimi. Alikuwa amevaa khanga zake mpya kana kwamba anakwenda harusini, na njia nzima hakusema neno. Vipimo vilithibitisha kwamba ilikuwa saratani, lakini ilikuwa ndogo, na ilikuwa haijafika kwapani. Alipasuliwa, akapewa dawa, nywele zikanyonyoka, zikaota tena. Sasa humeza kidonge kimoja kila siku kama alivyoagizwa, kwa muda wa miaka mitano, na mwaka huu ni wa nne. Msimu huu amelima.

Baba yangu, nilipomweleza kwamba huenda yeye ndiye daraja la kunifikishia ugonjwa wa mama yake, alikaa kimya, kisha akawaita wadogo zangu wote wa kike na kuwaambia mwenyewe waende wakapimwe. Walikwenda. Nami hupimwa kila mwaka. Mara ya mwisho hakikuonekana kitu. Mwaka ujao nitakwenda tena.

Bibi yangu alikufa na siri yake ndani ya khanga, na binti yake wa kwanza akaifuata siri hiyo kaburini. Binti wa pili alisema, naye yu hai. Basi, ndugu msomaji, leo ni Jumapili, jamaa wapo nyumbani. Chukua karatasi. Muulize mama, na ukimaliza kumwuliza mama, muulize na shangazi.